Vijana na Madeni ya Simu: Tutokeje Kwenye Riba?

(Maneno ya mazungumzo na vijana baada ya swala ya Isha. Tumeyaweka hapa kwa walioomba na kwa wale ambao hawakuweza kufika.)

Alhamdulillah. Swala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ahli zake na maswahaba zake wote.

Ndugu zangu vijana, wa kiume na wa kike, leo sikuja kuzungumza habari za siasa wala habari za vitambulisho. Leo nataka tuzungumze kuhusu simu ulioko nayo mfukoni. Hiyo hiyo. Na kabla hatujaanza, nawaomba kitu kimoja. Usimtazame jirani yako. Manake nikiuliza hapa ni nani hadaiwi na programu yoyote ya mikopo, sijui ni mikono mingapi itainuka. Kwa hivyo siulizi. Kila mtu ajihesabie moyoni mwake.

Nitaanza na kisa. Kuna ndugu yetu mmoja, sitamtaja jina, na amenipa ruhusa nisimulie. Ni kijana wa hapa hapa Mombasa, anafanya kazi kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mshahara wake shilingi 32,000 kwa mwezi. Kijana wa safu ya mbele msikitini. Halafu ghafla akapotea. Alfajiri hayuko, Maghrib hayuko. Tukadhani amehama. Mwingine akasema labda mgonjwa. Kumbe yuko chumbani kwake, na adhana anaiskia.

Siku moja nikaenda kumgongea. Alipofungua mlango, neno la kwanza aliloniambia: "Kaka, na wewe wamekupigia?"

Nikamuuliza, kina nani?

Ndipo akanieleza. Alikopa kwenye programu fulani ya simu, akachelewa siku 9. Wale watu wakachukua namba zote zilizoko kwenye simu yake wakaanza kupiga. Wakampigia bosi wake. Wakampigia mamake kijijini, bibi ambaye hata hajui mkopo wa simu ni kitu gani, wakamwambia mwanao ni mwizi. Na mwisho wakampigia imamu wetu. Imamu, Mungu amhifadhi, hakusema neno kwa mtu yeyote. Lakini yule kijana alijua kwamba imamu anajua. Basi akaona haya kusimama nyuma yake.

Hebu fikirieni hilo. Deni la shilingi 3,500 limemtoa mtu kwenye safu ya swala.

Kwa hivyo wallahi hili si jambo dogo, na si jambo la pesa peke yake. Ni heshima ya mtu, ni dini yake, ni usingizi wake.

TULIKETI NA DAFTARI

Mimi si mufti na si mtaalamu wa benki. Lakini daftari najua kuandika. Nikamwambia ndugu yangu, leta kalamu. Kwani Mwenyezi Mungu mwenyewe katika Suratul Baqarah ameteremsha aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na mwajua inahusu nini? Inahusu kuandika deni. Si swala, si saumu. Deni, liandikwe, lishuhudiwe, dogo au kubwa, mpaka muda wake. Sisi tunaisoma aya ile katika khitma, lakini madeni yetu tunayaweka kichwani.

Tukaandika. Aliye na deni ajue, huu ndio mwanzo wa dawa, na ndio sehemu inayouma zaidi. Alidhani anadaiwa kama 45,000. Tulipomaliza hesabu ilikuwa hivi:

Kadi ya mkopo ya benki: 40,000. Riba asilimia 3.5 kwa mwezi.

Programu ya kwanza: 6,000. Asilimia 15 kwa mwezi.

Programu ya pili, hiyo iliyompigia imamu: 3,500. Asilimia 10 kwa wiki.

Ovadrafti ya simu: 2,400. Ada ya shilingi 20 kila siku.

Mama wa duka: 1,850. Hana riba, ana subira tu.

Rafiki yake wa utotoni: 5,000. Hana riba.

Jumla 58,750. Akashika kichwa.

Nikamwambia ngoja, bado hatujafika penyewe. Watu wengi huishia hapo kwenye jumla, wakakata tamaa, wakafunga daftari. Tukachora mstari mwingine pembeni. Swali likawa: kila deni hapa linakugharimu shilingi ngapi kwa mwezi, kwa kukaa tu, bila kupungua?

Kadi: asilimia 3.5 ya 40,000 ni 1,400.

Programu ya kwanza: asilimia 15 ya 6,000 ni 900.

Ovadrafti: shilingi 20 mara siku 30 ni 600.

Programu ya pili: shilingi 350 kila wiki, kwa wiki nne ni 1,400.

Mmeiona hiyo? Lile deni dogo la 3,500 lilikuwa linamla shilingi 1,400 kwa mwezi, sawasawa na deni la kadi la 40,000! Lakini yeye usiku alikuwa akiota kadi. Kadi ndiyo iliyomtisha kwa sababu ya ukubwa wa namba. Zile ndogo alikuwa akizisukuma tu, leo analipa hii kwa kukopa ile, kesho analipa ile kwa kukopa hii.

Jumla ya riba na ada kwa mwezi: 4,300. Na benki ilikuwa ikimtaka alipe angalau 2,000 kwenye kadi. Kwa hivyo kila mwezi zilitoka mfukoni mwake 2,900 za hivi vidogo na 2,000 za kadi. Hiyo ni 4,900. Na katika hizo 4,900, deni lenyewe lilipungua kwa shilingi 600 tu. Zingine zote zilikwenda na upepo.

"ADA" NI JINA TU

Sasa tusimame hapa kidogo, manake kuna mchezo wa maneno.

Mkopo mwingi wa simu hauitwi riba. Unaitwa ada. Ada ya huduma, ada ya kushughulikia, ada ya siku. M-Shwari ilipoanza hapa Kenya Novemba 2012, gharama yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30, na iliitwa ada. Mtu akiskia 7.5 anaona ndogo. Lakini 7.5 ya mwezi mmoja, ukirudia miezi 12, ni 90. Ukikopa 5,000 kila mwezi mwaka mzima, unatoa 375 kila mara. Mwisho wa mwaka umetoa 4,500, na bado huna hiyo 5,000. Umeikodisha tu.

Hata kredo ya kukopa, ile Okoa Jahazi. Umeomba 100, umeingiziwa 90, unalipa 100. Tumeizoea mpaka hatuioni.

Mtume wetu (SAW) katika hija ya kuaga aliifuta riba yote ya zama za ujahiliya, na ya kwanza aliyoifuta ni ya ami yake mwenyewe, Abbas bin Abdul Muttalib. Alianzia nyumbani kwake. Nasi tuanzie kwenye simu zetu. Usiniulize mimi kama ada fulani ni riba au si riba, muulize sheikh wako, umpe maelezo kamili. Lakini usijifiche nyuma ya jina. Jina likibadilishwa, hesabu haibadiliki.

Kwa hivyo kabla hujabonyeza "kubali", uliza maswali matatu. Napokea shilingi ngapi mkononi? Narudisha shilingi ngapi kwa jumla? Baada ya siku ngapi? Asilimia waachie wao. Wewe hesabu shilingi.

Na wale wenye mikopo ya benki au ya sacco, ongezeni swali la nne. Riba hii inahesabiwa kwa deni la mwanzo, au kwa deni linalobaki? Tuseme umekopa 60,000 kwa mwaka, asilimia 20. Ikiwa inahesabiwa kwa deni la mwanzo, riba ni 12,000, na unalipa 6,000 kwa mwezi. Ikiwa inahesabiwa kwa linalobaki, unalipa kama 5,560 kwa mwezi na riba yote haifiki 6,800. Namba ni ile ile, "asilimia 20". Tofauti ni zaidi ya shilingi 5,000. Bango halitakwambia. Uliza.

TULIVYOTOKA

Narudi kwa ndugu yetu. Jambo la kwanza: tukafuta programu za mikopo kwenye simu yake usiku ule ule, baada ya kuandika namba za kulipia na kiasi cha kila moja. Deni halifutiki kwa kufuta programu, na hatukutaka lifutike. Tulichotaka ni mlango wa kukopa tena ufungwe. Ndoo inayovuja huijazi kabla hujaziba tundu.

Jambo la pili nikamuuliza: nyumbani kwako kuna nini cha kuuza? Akatazama ukutani. Runinga kubwa. Aliinunua 28,000 kwa ile kadi. Mimi nikanyamaza. Akanyamaza. Akasema, "Kaka, Kombe la Dunia je?" Nikamwambia kibandani kwa jirani kuna runinga na kuna chai.

Akaiuza 14,000. Nusu ya bei, na iliuma, nakubali. Sasa tazameni zilivyokwenda:

Programu ya pili 3,500. Kwanza kabisa, manake ndiyo ghali kuliko zote kwa kila shilingi.

Ovadrafti 2,400.

Programu ya kwanza 6,000.

Hiyo ni 11,900. Zikabaki 2,100. Akampelekea mama wa duka 1,850 yake. Mfukoni zikabaki 250, akanunua mahamri na mbaazi tukala.

Jioni moja, madeni manne yamekwisha. Na ile 4,300 ya riba kwa mwezi ikashuka mpaka 1,400 ya kadi peke yake.

Kanuni yenyewe ni rahisi: panga madeni yenye riba kwa ukali wa riba, si kwa ukubwa wa namba. Yote yapate kile kiwango cha chini ili usichelewe, halafu kila shilingi ya ziada ielekee kwa lile lenye riba kali zaidi. Likiisha, pesa zake zote zihamie kwa linalofuata. Usizirudishe matumizini!

Jambo la tatu ni hiyo kadi. Hapa naomba mniskize vizuri, wenye kadi. Deni la 40,000, riba 3.5 kwa mwezi. Ukilipa 2,000 kila mwezi, na usiitumie tena hata siku moja, utalipa kwa miezi 35. Karibu miaka mitatu! Na jumla utakayotoa ni 70,000. Yani 30,000 ni riba. Lakini yeye alikuwa tayari amezoea kutoa 4,900 kila mwezi, si ndio? Zile zile 4,900 tukazielekeza zote kwenye kadi. Kwa malipo hayo, deni linakwisha kabla ya miezi 10 kutimia, na jumla haifiki 48,000. Hatukumwongezea mshahara. Hatukumwambia ale mlo mmoja. Pesa ni zile zile, zimebadilisha njia tu.

Kile kiwango cha chini kinachoandikwa kwenye taarifa ya kadi si ushauri kwako. Ni kiasi cha kukuweka hapo hapo ulipo. Na kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ndiyo matumizi mabaya kuliko yote, kwa sababu kadi nyingi huanza kukuhesabia riba siku ile ile na kukukata ada juu yake.

Jambo la nne: tukaenda benki. Yeye aliogopa, akadhani watamfunga. Hakuna aliyemfunga. Aliomba mambo mawili tu: kadi ifungwe asiweze kuitumia tena, na wampunguzie riba kwa kuwa yuko tayari kulipa zaidi ya wanachotaka. Kadi wakaifunga. Kupunguza riba wakakataa mara ya kwanza. Mwezi wa tatu, walipoona analipa kwa wakati, akarudi, wakamsamehe ada za kuchelewa zilizokuwa zimeandikwa kabla. Si nyingi, lakini zilikuwa zake. Funzo ni hili: nenda kabla hujachelewa, nenda na karatasi ya hesabu yako, na ukiahidiwa kitu, omba kiandikwe.

Rafiki wa utotoni je? Huyo alikwenda kumtazama usoni. Akamwambia, ndugu yangu sina leo, nina deni lenye riba nalimaliza kwanza, nipe muda. Rafiki akamwambia, mwezi wa Shaaban utanipa. Wakaandika. Na hilo ndilo tuliloamrishwa katika Suratul Baqarah aya ya 280, kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda, na kumsamehe ni bora zaidi. Lakini muda huombwa. Usipotee tu, ukizimiwa simu ukasema "si ana subira". Asiyekutoza riba ndiye anayestahiki adabu yako kuliko wote.

HAKI ZAKO

Sasa upande wa pili. Wewe una deni, ni kweli. Lakini kudaiwa hakukuondolei haki zako. Sheria ya nchi hii iko, na wengi wetu hatuijui.

Kwanza, wakopeshaji wa simu walikuwa wakifanya watakavyo kwa miaka mingi. Ndipo ikapitishwa sheria ya kurekebisha Sheria ya Benki Kuu mwaka 2021, na kanuni zake zikatoka Machi 2022. Sasa mkopeshaji wa kidijitali lazima awe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya. Orodha ya wenye leseni hutangazwa na Benki Kuu yenyewe. Kabla hujakopa, tazama jina limo au halimo. Na kanuni zile zinamkataza mkopeshaji kutumia vitisho, matusi, au kuwapigia watu walioko kwenye simu yako ili kukuaibisha. Kumpigia imamu wako ni kosa. Kumpigia mamako ni kosa.

Pili, kuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na kuna afisi ya Kamishna wa Data. Namba za watu wako si mali ya mkopeshaji. Mwaka 2023 afisi hiyo iliitoza kampuni moja ya mikopo faini baada ya watu kulalamika kwamba majina na namba zao zilichukuliwa na wakatumiwa jumbe za vitisho. Walalamishi walikuwa watu wa kawaida kama sisi. Wakikutukana, usiwatukane. Hifadhi ujumbe, piga picha ya skrini, andika tarehe, saa na namba iliyopiga, waombe na wale waliopigiwa wakuhifadhie. Halafu peleka malalamiko kwa Kamishna wa Data na kwa Benki Kuu. Ukikwama kuandika, njoo kwetu tukusaidie. Ndugu yetu aliandika. Simu zikakoma.

Tatu, mikopo ya benki. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kinachotumika tangu mwaka 2007, kinasema hivi kwa ufupi: mkopo ukishashindwa kulipika, riba atakayoweza kukudai benki kuanzia hapo haiwezi kuzidi lile deni lililokuwako siku uliposhindwa. Ulishindwa ukiwa na deni la 30,000? Basi riba ya kuanzia hapo haipiti 30,000. Wazazi wetu wangapi wamelipa mara tatu, mara nne, kwa kutolijua hilo?

Nne, CRB. Una haki ya kuipata ripoti yako bure mara moja kwa mwaka. Ichukue, hata kama hudaiwi, uone umeandikwa nini. Ukikuta kosa, una haki ya kulipinga na kutaka lichunguzwe. Kanuni za mwaka 2020 pia zinakataza mtu kuandikwa vibaya kwa deni la chini ya shilingi 1,000. Na yule anayekwambia mtandaoni "nitumie 2,000 nikufute CRB", huyo ni tapeli, mwache.

Lakini naomba tusidanganyane. Haki hizi si ruhusa ya kukwepa deni. Kuna ndugu wengine wakishajua sheria, wanabadilisha laini, wanasema "hawa si ni watu wa riba, sitawalipa hata senti." Subhanallah. Ile pesa uliyopokea ulikula. Ni haki ya mtu. Mwajua kisa cha maiti aliyeletwa kwa Mtume (SAW) amswalie, akaambiwa anadaiwa dinari mbili, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada akasema mimi nitazilipa? Dinari mbili tu. Tusicheze na hili jambo.

NA KESHO JE?

Najua mtaniuliza: kaka, na mimi nikipata dharura? Mtoto ameugua, mwenye nyumba amebisha hodi, nifanye nini? Swali la haki, na ukinijibu "subiri" tu utakuwa umenikasirisha.

Kuna benki hapa Kenya zinazofuata sharia. Gulf African Bank na First Community Bank zilifungua milango mwaka 2008, na hiyo ya pili sasa yaitwa Premier Bank. Njia yao moja kubwa ni murabaha: badala ya kukupa pesa ya riba, wananunua kitu unachokihitaji, wanakuuzia kwa faida inayojulikana tangu mwanzo, unalipa kidogo kidogo. Ni mlango wa halali. Lakini nawaonya kwa mapenzi: hilo nalo ni deni. Ile hesabu ya shilingi ifanye hata huko. Halali haimaanishi rahisi, na haimaanishi ununue runinga nyingine.

Bora kuliko hizo zote ni akiba ndogo na watu wako. Vijana kumi, kila mmoja shilingi 500 kwa mwezi, ni 5,000. Kwa mwaka ni 60,000. Mwenye dharura anakopeshwa bila riba, inaandikwa, kuna mashahidi wawili, anarudisha kidogo kidogo. Qardhul hasan. Wazee wetu walifanya hivi kwenye mabaraza bila simu. Kina mama wanafanya hivi mpaka leo kwenye vyama vyao, na daftari zao zimenyooka kuliko zetu.

Na kamati za misikiti, kama mnaniskia: katika wale wanane wanaostahiki zaka, walioko kwenye Suratut Tawba aya ya 60, wamo wenye madeni. Wametajwa. Si lazima tungoje mtu afukuzwe nyumba ndipo tuchange. Tuwe na mtu mmoja, mwenye siri, ambaye kijana akimwendea hatasikika kesho barazani.

Na wanaokopa kwa ajili ya kubeti, sina maneno mengi kwenu. Hakuna hesabu ya daftari itakayokuokoa ikiwa tundu ni hilo. Hapo unaunganisha riba na kamari katika simu moja. Ziba hilo kwanza. Ikiwa peke yako huwezi, na wengi hawawezi, sema. Tutakwenda pamoja.

Nimalizie. Ukifika nyumbani leo, usilale kabla hujaandika mistari hii: nadaiwa na nani, kiasi gani, kinanigharimu shilingi ngapi kwa mwezi, nitalipa lini. Ukiona haya kumwonyesha mtu, mwonyeshe Mola wako katika sijda, halafu kesho mtafute mtu mmoja tu unayemwamini.

Yule ndugu yetu alilipa malipo yake ya mwisho ya kadi mwezi wa kumi tangu tuanze, na Shaaban ilipoingia rafiki yake akapata 5,000 yake kamili. Lakini kwangu mimi siku kubwa haikuwa hiyo. Siku kubwa ilikuwa wiki ya pili tu, bado anadaiwa 40,000 nzima. Nimeingia msikitini Alfajiri, nikamkuta amesimama safu ya mbele. Imamu alipogeuka kunyoosha safu alimwona, akamshika bega, akasema, "Sogea, jaza nafasi." Basi. Hakuongeza neno.

Mwenyezi Mungu awalipie madeni wenye madeni katika sisi, atutosheleze na halali yake tusiihitaji haramu, na atulinde na unyonge wa kudaiwa.

Wakati wa maswali sasa. Na mwenye swali la siri, nitabaki hapa nyuma mpaka wa mwisho atoke.

Wabillahi tawfiq. Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.